Ngazi ya Kushukia

Mimi kazi yangu ni nta.
Giza likikaribia nawasha, karamu ikiisha nazima,
na vigutu vinavyobaki ni vyangu, kwa desturi ya kasri:
naviuza mjini kwa ratili, kwa mjane wa fundi viatu.
Kwa hiyo usiniulize nani anapendwa na Mfalme.
Niulize nimebeba mishumaa mingapi, na nimeishusha mlango gani.

Sidonie Trécourt alikuja mwezi wa Novemba,
tope la barabara ya Lyon lingali kwenye pindo la gauni,
binti wa mshona glavu wa Grenoble,
ameajiriwa kumsomea bibi kizee mmoja asiyeona vizuri.
Wakampa chumba chini ya paa,
vidato tisini na vitatu kutoka zulia la kwanza.
Mgao wake mshumaa mmoja, wa shahamu ya kondoo,
ule unaofuka moshi na kunuka sufuria.
Nilimkabidhi. Akaniuliza jina langu.
Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi.

Halafu ile Jumapili, baada ya misa.
Mfalme aliangusha glavu. Wakainama mabwana sita kwa pamoja,
vichwa vikagongana, poda ya mawigi ikapaa.
Aliyeiokota ni yeye. Na hakuirudisha.
Aliigeuza, ndani ikawa nje, akakagua mshono wa kidole gumba,
akasema, kama aliye nyuma ya meza dukani kwa baba yake:
"Bwana wangu, wamekuibia."

Kimya. Nilisikia utambi ukichirizika.
Kisha Mfalme akacheka, kicheko cha mtu
ambaye tangu utotoni hajaambiwa bei ya kitu.

Usiku ule: miwili, ya nta ya nyuki.
Wiki iliyofuata: sita.

"Aliye juu mngoje chini," mabibi walinong'ona nyuma ya pepeo zao.
Wakamngoja chini. Naye akaja chini,
kwani katika nyumba hii wanyonge ndio wanaolala juu,
na zulia la kwanza ni la Mfalme.
Mpanda ngazi hushuka, ndivyo wasemavyo;
huku kwetu anayeshuka ndiye aliyepanda.

Krismasi ilimkuta ghorofa ya tatu, mishumaa kumi na minane.
Kwaresima, ya pili; amepewa jina la shamba asilowahi kuliona,
Markiza wa Saint-Aubrac, na baba yake
ameandikiwa barua asishone tena, ni aibu.
Pasaka, ukuta kwa ukuta na Mfalme:
mia moja na ishirini, na mingine mia ndani ya vioo,
hata nilipotea katika kuhesabu.

Siku ile ile nilikutana na Bibi de Corvance,
aliyekaa chumba kile miaka saba.
Alikuwa anapanda, kasuku wake kambeba mwenyewe.
Kila ghorofa alisimama, akajifanya anatazama bustani.
Nilimshikia taa. Hakuna aliyeniagiza.
Orodha ilisema: mmoja, wa shahamu.

Nitasema kweli, sikumlilia.
Vigutu mia na ishirini kila usiku
ni fungu la kumwozea binti yangu Clotilde.
Namwombea Markiza kanisani, na tarehe naitaja:
Ee Mungu, apendwe walau mpaka Septemba.

Lakini juzi, saa nane usiku, aliniita kwa jina.
"Zima yote."
Nikazima, mmoja mmoja, mirefu bado, faida tupu.
Akabakiza mmoja.
Pajani ngozi laini ya mwanambuzi, mkononi sindano;
anashona kidole gumba, midomo ikihesabu.
"Vidole visisahau," alisema, wala hakuniangalia.
Kisha: "Kule juu, paa bado linavuja?"

Nikasema linavuja.

Akakata uzi kwa meno.